Miaka mitatu St. Petersburg: baridi siyo tatizo, tatizo ni kitanzi cha koti

Mtoto wa Rungwe:

Wakuu, habari za muda huu.

Kila nikirudi nyumbani likizo naulizwa swali moja: "Vipi baridi ya Urusi?" Mjomba anauliza, konda anauliza, mpaka mchungaji aliniuliza mbele ya waumini. Nimechoka kujibu. Baridi unaivalia. Mimi nimekulia Tukuyu, ukungu na mvua nimevijua kabla sijajua kusoma. Yanayonimaliza hapa ni madogo madogo ambayo hakuna anayeyauliza, na ndiyo yanayokula siku. Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma pitieni tu.

Naanza na koti. Wiki yangu ya kwanza chuoni natinga na koti zito la mitumba nililolichagua soko la Karume, Dar, kwa mbwembwe zote. Sasa huku huingii darasani na koti. Chuo, maktaba, zahanati, makumbusho, kote unaliacha chini, sehemu inaitwa garderobu, unapewa kibati chenye namba. Anayepokea ni bibi, umri wa bibi yangu kabisa. Akalishika, akaligeuza shingoni, akaligeuza tena, akaanza kunifokea. Kirusi changu wakati huo kilikuwa "habari" na "asante". Nyuma yangu foleni ya watu kama ishirini. Ananionesha shingo ya koti, ananionesha ndoano, sauti inapanda. Nikadhani analiona chafu. Nikalikung'uta. Akazidi.

Kumbe shida ni kile kitanzi kidogo cha kutundikia, kile tusichokijali sisi. Changu kilishakatika huko huko lilikotoka. Koti lisilo na kitanzi halitundikwi, basi. Nikapanda nalo darasani, mwalimu akaninyooshea kidole mlangoni. Kipindi kikanipita hivi hivi. Kesho yake narudi, nimeshika koti kama mtuhumiwa, yule bibi akafungua droo, akatoa sindano na uzi mweusi, akaviweka mezani bila neno. Nikashona pale pale nimesimama, anakagua kila pindo.

Tangu siku ile nimeelewa kwamba huku kila kitu kina utaratibu na haujaandikwa popote. Unaujua ukishafokewa. Ukienda kliniki bila kuvaa vile vimfuko vya bluu juu ya viatu, unafokewa. Ukisimama upande wa kushoto kwenye ngazi za umeme za metro, unafokewa. Na ngazi zenyewe si mchezo: kituo cha Admiralteyskaya kiko mita 86 chini ya ardhi, unateremka mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi.

Halafu makaratasi. Kuna kitu kinaitwa spravka. Spravka ni cheti cha kuthibitisha jambo ambalo kila mtu analiona. Wewe ni mwanafunzi, umesimama ofisini kwa chuo chako, una kitambulisho cha chuo hicho, lakini leta spravka kwamba ni mwanafunzi. Bwawa la kwanza nililoenda kuogelea walitaka ya daktari. Na anayetoa anapokea watu Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi, ukifika saa tisa na nusu unakuta dirisha limefungwa, "mapumziko ya kiufundi".

Mgeni akifika mjini, mwenyeji wake ana siku 7 za kazi kupeleka taarifa uhamiaji. Sawa. Lakini ukienda Moscow ukalala hoteli usiku mmoja, hoteli inakuandikisha kule, ukirudi bweni unaanza upya kana kwamba ndiyo umeshuka kwenye ndege. Ukikaa zaidi ya siku 90 kuna alama za vidole, picha na vipimo vya afya, utaratibu ulioanza mwishoni mwa 2021. Ukiongeza viza, pasi yako inakaa ofisini wiki kadhaa, wewe unazunguka na kikaratasi. Polisi wa metro akikusimamisha (na sura zetu wanasimamishwa sana) unatoa kikaratasi, anakitazama kama noti bandia.

Kwangu limeongezeka la jina. Jina la ukoo wangu linaanza na "Mwa". Kirusi hakina herufi ya W. Mfasiri wa pasi akaandika "Mva", akagonga muhuri. Benki wakaandika "Mua". Bima ya afya nao wakafuata masikio yao. Kwa mashine zao mimi ni watu watatu, na hawafahamiani. Siku hela ya kujikimu ilipokwama, nikauliza yule mama wa dirishani nifanyeje. Akasema niende kuleta spravka kwamba Mva na Mua ni mtu mmoja. Nani anaitoa? Hajui. Nilizunguka siku kumi na moja. Mnaokuja, nawaomba: tafsiri ya kwanza ya pasi ndiyo itakayokufuata mpaka unahitimu. Isome herufi kwa herufi kabla haijagongwa muhuri.

Foleni zao nazo zina namna yake. Unafika unakuta watu wamekaa ovyo, mmoja anasoma, mwingine yuko dirishani, hakuna mstari. Usiende kusimama mlangoni! Unauliza kwa sauti, "Nani wa mwisho?" Mtu anainua kidole. Unaikariri sura yake, basi wewe uko nyuma yake hata akienda kuvuta sigara nje. Ni ile foleni ya ndoo bombani: ndoo iko pale, mwenyewe yuko kwake anasonga ugali. Hilo nililipenda. Ninachokichukia ni yule anayekuja moja kwa moja mlangoni, "Mimi nauliza tu." Anaingia kuuliza tu, anatoka baada ya dakika arobaini.

Kuhusu joto la ndani, hulimiliki wewe, linamilikiwa na jiji. Mabomba ya kupasha moto majumba yanafunguliwa vuli, wastani wa joto la siku ukishuka chini ya nyuzi 8 kwa siku 5 mfululizo. Kabla ya hapo unalala na soksi mbili na kofia. Yakishafunguliwa, chumba kinakuwa Dar ya Februari, hakuna pa kupunguzia, nje ni hasi kumi na tano wewe umefungua dirisha umevaa pensi. Hewa inakauka mpaka pua inatoka damu. Na kiangazi wanakata maji ya moto kukagua mabomba, hadi siku 14 kila jengo kwa zamu yake. Hapo ndipo nimewaona Warusi wa bwenini wanahaha, wanaenda kuoga kwa marafiki. Sisi tunachemsha maji kwenye birika, ndoo na kopo, dakika tano umemaliza. Kijana mmoja wa hapa alikuja kuniomba nimfundishe. Sitanii.

Sasa madaraja. Jiji limejengwa kwenye mdomo wa mto Neva, nami naishi kisiwa cha Vasilyevsky. Kuanzia Aprili hadi Novemba madaraja makubwa yanainuliwa usiku meli zipite. La Ikulu linainuka kama saa saba na dakika kumi, na mpaka karibu saa kumi na moja alfajiri kisiwa ni kisiwa kweli. Metro nayo inafunga karibu saa sita. Mwaka wa kwanza, Oktoba, tulikuwa na sherehe ya mwenzetu ng'ambo ya mto, upande wa Nevsky. Nikajua, aah, nitachukua teksi. Nafika mtoni naona barabara imesimama wima, taa zinawaka, watalii wanapiga makofi. Wao wanapiga makofi, mimi natetemeka na mvua. Teksi ingebidi izunguke kwa barabara ya kulipia iliyopita juu ya bahari, bei mara tatu ya hela niliyokuwa nayo. Nilikaa kibanda cha shaverma (shawarma ya huku) mpaka alfajiri. Baadaye nikaambiwa kuna madaraja huteremshwa kidogo katikati ya usiku. Mimi saa hizo nilikuwa nimesinzia juu ya kikombe.

Giza nalipita haraka maana likinishika sitamaliza. Desemba jua linachomoza saa nne asubuhi, saa kumi kasoro limeshazama, na siku nyingi hata hulioni lilipo. Juni ni kinyume, saa sita usiku unasoma bila taa. Kuna ndugu wa Tanga jirani yangu, swala ya Isha ya Juni inampa kizunguzungu. Nunua pazia zito.

Njaa hakuna. Ila unga wa ugali hakuna. Wa mahindi upo, wa njano, unaganda kama keki. Tunasonga semolina, wanaita manka, ukifumba macho inapita. Kero ni ukrop, jani fulani jembamba kama nywele. Wanalitia kwenye supu, kwenye viazi, kwenye samaki, hadi bisi za kupakiti nimeziona zina ladha yake. Ukisema "bila ukrop" mpishi anakuangalia kama umeomba chai bila maji. Kitulizo ni mwezi wa tano, wanapovua koryushka, kasamaki kembamba kanakonuka tango bichi. Ukikakaanga na unga kakauke, na limao, na pilipili yako uliyotoka nayo nyumbani, moyo unaenda Ziwa Nyasa.

Nikikumbuka mengine nitaongeza.

Chai ya Saa Nne:

Mkuu umenichekesha hapo kwa watu watatu wasiofahamiana. Swali moja, hela mnatumiwaje? Mdogo wangu anakuja mwezi wa tisa.

Mtoto wa Rungwe:

Mkuu, hilo ndilo linaloumiza wazazi. Tangu Machi 2022 Visa na Mastercard za kwetu hazifanyi kazi huku. Kadi ya benki ya Dar ni kipande cha plastiki. Aje na dola taslimu za kumfikisha mwezi au miwili, noti safi, maana zenye mikunjo au maandishi wanazikataa. Akishafungua akaunti huku anapata kadi ya Mir, kadi yao wenyewe.

Wengi tunabadilishana wenyewe kwa wenyewe. Mwenye ruble anayetaka kutuma kwao, na mzazi wa Tanzania anayetaka kumtumia mwanaye. Shilingi zinaingia kwenye simu ya mama wa yule, ruble zinaingia kwa huyu. Bila kumjua mtu vizuri utalia. Na mwambie mdogo wako, mtu akimwomba kadi yake ya benki "aitumie siku mbili tu" kwa malipo, akimbie. 2025 wamepitisha sheria, kumpa mtu kadi yako apitishie hela chafu ni jinai.

Dada wa Voronezh:

Habari zenu. Naona mko jijini, na metro mnayo, mnalalamika nini? Sisi huku kuelekea mpaka wa Ukraine ving'ora vikilia, intaneti ya simu inazimwa. Upo kwenye basi, hela iko kwenye simu, simu haina mtandao, dereva anakutazama. Sasa natembea na sarafu mfukoni kama enzi za daladala za shilingi mia mbili.

Lingine ni nywele. Nikisuka rasta ndefu, naguswa. Siyo kuombwa, naguswa! Nimekaa kwenye basi nahisi mkono kichwani, kugeuka ni bibi wa watu anatabasamu, anasema nzuri sana. Utamgombeza mtu mzima? Siku ya kwanza nililia, siku hizi nauliza kama na mimi naweza kushika za kwake. Anacheka, tunaachana vizuri. Vijana wanaopiga picha kwa kuiba ndio sijawasamehe. Msusi wangu ni dada wa Kongo anayesoma udaktari, ukikaribia mtihani wake sisi wote tunavaa kofia.

Na ninyi wanaume, Machi 8 msifanye nilichofanya mimi. Nilimnunulia mwalimu wangu maua kumi, nikaona namba nzuri. Darasa zima kimya. Huku maua ya idadi shufwa ni ya msibani. Mwalimu alichomoa moja polepole akampa mwanafunzi wa mbele, akasema asante.

Mkazi wa Keja:

Sasa wadau. Mimi ni Mkenya, niko Moscow. Nyinyi wa bweni mko sawa, jaribuni kutafuta nyumba ya kupanga ndio mtajua hamjui. Tangazo linasema wazi, "kwa Waslavi tu", yaani Warusi na jamaa zao. Limeandikwa hivyo, peupe. Kwa simu Kirusi changu kimenyooka, tunaelewana bei, tunaelewana siku. Akiuliza natoka wapi, nikisema Kenya, nyumba imechukuliwa dakika hiyo hiyo. Nilipiga simu thelathini na kitu kabla ya kupata. Niliyempata hataki kuniandikisha uhamiaji, anaogopa kodi ya serikali. Kwa hivyo nalipa nyumba ambayo kisheria sikai. Dalali naye alichukua nusu ya kodi ya mwezi kwa kunifungulia mlango.

Na simu za WhatsApp zimebanwa tangu Agosti 2025. Mamangu hajui mambo ya VPN. Tunatumiana sauti, yeye anajibu ya jana, mimi najibu ya juzi.

Jembe na Shoka:

Kama kugumu hivyo si mrudi mlime? Mnakula hela za watu huko halafu mnalialia kuhusu vitanzi.

Mtoto wa Rungwe:

Mkuu nitarudi, nimebakiza mwaka na nusu. Parachichi za Rungwe zinanisubiri, usijali.

Mstaafu 83:

Vijana, nimesoma uzi wote. Mimi nilikuwa hapo 1983 hadi 1989, mji ukiitwa Leningrad. Garderobu ilikuwepo, na bibi alikuwepo. Nadhani wako ni mtoto wa yule wangu. Mimi hakunipa sindano, alilitundika la kwangu mwisho kabisa miaka yote sita, mpaka nikawa natoka jengoni wakati wenzangu wameshafika bweni.

Nyumbani nilipiga simu mara nne tu kwa miaka hiyo. Unaenda ofisi ya simu, unaagiza, unakaa kusubiri uitwe kibandani namba fulani, ukifika ndani unasikia maji yanatiririka tu. Barua mwezi mzima. Baba yangu alifariki, nikapata habari akiwa ameshazikwa wiki tano. Kwa hiyo huyo mama wa Kenya anayejibu ya jana, mshukuruni Mungu.

Mwaka 1985 Gorbachev alipobana pombe, foleni za vodka zilikuwa ndefu kuliko za mkate. Mtu alikuwa anapiga foleni kwanza halafu anauliza wanauza nini. Nina mengi ila mjukuu anataka simu yake.

Dada wa Voronezh:

Shikamoo baba. Pole kwa mzee. Tunaomba ufungue uzi wako, tutakuja wote.

Mstaafu 83:

Marahaba mwanangu. Nitajaribu.

Chai ya Saa Nne:

Samahani niulize hili kwa uwazi, maana mama hapati usingizi. Mdogo wangu tayari ametumiwa matangazo ya kazi huko huko Urusi, mshahara mnono, tiketi bure. Na ile habari ya Mtanzania aliyefia vitani Ukraine 2022 hapa nyumbani hatujaisahau, mwili umerudi Januari 2023.

Mtoto wa Rungwe:

Mkuu, hapo sina utani. Aje kwa barua ya chuo na viza ya masomo, si kwa tangazo la kazi. Akishafika, karatasi yoyote ya Kirusi asiyoielewa neno kwa neno asitie sahihi, hata iletwe na nani, hata aambiwe ni spravka ya kawaida. Apige picha, atume kwa waliotangulia, tumsomee. Kila mji una kikundi cha Watanzania, nitakuunganisha na wa mji anaokwenda. Anakwenda wapi?

Chai ya Saa Nne:

Kazan.

Mtoto wa Rungwe:

Ana bahati. Kule Watatari ni wengi, nyama ya halali iko kila kona, na wana kitu kinaitwa echpochmak, pembetatu ina nyama na viazi ndani, ni binamu wa sambusa. Volga inaganda anaikanyaga kwa miguu. Baridi ni kali kuliko huku kwetu, lakini ni kavu, haiingii kwenye mifupa kama hii ya kando ya bahari.

Laini ya simu ndiyo itamtesa. Tangu Januari 2025 mgeni hapati laini bila namba yao ya hifadhi ya jamii, akaunti ya huduma za serikali, na sura na sauti yake kuchukuliwa benki. Dogo mmoja wa mwaka jana benki walimtaka namba ya simu, duka la laini wakamtaka kwanza amalize ya benki. Aliishi kwa intaneti ya bwenini mwezi na nusu. Kwa hiyo aje na picha za nyaraka zote ndani ya simu, na nakala za karatasi.

Chai ya Saa Nne:

Nashukuru sana. Na koti anunue Karume au huko huko?

Mtoto wa Rungwe:

Huko huko. La Karume la kumtoa uwanja wa ndege tu. Viatu pia anunue kule, soli za kwetu kwenye barafu ni sabuni, na chumvi wanayomwaga barabarani inakula ngozi, inaacha mstari mweupe ambao hautoki. Atembee kama bata, hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Akiona utepe wa rangi nyekundu na nyeupe njiani asiuvuke, juu kuna watu wanaangusha barafu kutoka kwenye paa.

Chai ya Saa Nne:

Kitanzi nimekiandika. Kwa Kirusi kinaitwaje, nimfundishe kabisa?

Mtoto wa Rungwe:

Petelka. Na sindano aje nayo, uzi mweusi.